Kupunga Upepo Bila Kubebwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mombasa

Kisa ninachokichambua hapa ni cha bibi mwenye umri wa miaka 71, mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye alipatwa na kiharusi kilichomwachia udhaifu wa mkono na mguu wa kushoto. Ndani ya nyumba hutembea kwa mkongojo wa miguu minne, hatua chache tu kutoka kitandani hadi sebuleni au msalani. Nje ya nyumba hukaa kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa na binti yake au na mjukuu wake wa kiume. Nilimfahamu kupitia kazi yangu ya fiziotherapia, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Hakuja kwangu kwa sababu ya maumivu. Alichokitaka ni kutoka kupunga upepo kama alivyozoea maisha yake yote, jioni karibu na bahari, na mara mojamoja mahali penye miti na kivuli. Binti yake alikuwa amekwisha kumtafutia mahali, na jitihada hizo ziliishia katika siku moja ya fedheha ambayo bibi hakupenda kuizungumzia mbele ya mjukuu.

Siku hiyo ilianza kwa simu. Binti aliwapigia wenye sehemu moja ya mapumziko iliyo ufuoni, akauliza kama wanawapokea watu wanaotumia viti vya magurudumu, na akajibiwa kwa ukarimu kwamba karibuni sana, hakuna shida. Walipofika walikuta ngazi za mawe zinazoshuka kuelekea baharini, na chini ya ngazi njia ya mchanga mtupu. Vijana wanne wakaja mbio, kila mmoja kwa nia njema, wakakishika kiti na kukinyanyua bibi akiwa juu yake. Mmoja alishika pahali pa kuegemeza mkono, na kwa kuwa sehemu hiyo huchomoka, ilimbakia mkononi, kiti kikalala upande. Buibui likanasa kwenye tairi, mtandio ukateleza, na katika kumdaka asianguke mwenzake alimshika kwapani, mkono ule ule uliopooza. Bibi alifikishwa chini, akakaa mbele ya bahari muda mfupi bila kusema neno, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Maneno yake kwa bintiye jioni ile ndiyo yaliyokuwa msingi wa kazi yetu yote iliyofuata: "Mwanangu, mimi si gunia la mchele. Kama sharti nibebwe, basi nitakaa barazani."

Ni rahisi kumlaumu aliyepokea simu, lakini nikimfikiria kwa haki naona hakudanganya. Yeye aliulizwa kama kuna shida, na kwa macho yake haikuwapo, kwa sababu vijana wenye nguvu wapo siku zote na hakuna hata mmoja ambaye angekataa kumsaidia mzee. Huku kwetu pwani mikono ya kusaidia haikosekani, na nathubutu kusema kwamba wingi huo wa mikono ndio unaotufanya tusione kuwa njia haipo. Mwenye jengo haoni haja ya rampu, yaani mteremko wa kupitishia kiti badala ya ngazi, ilhali kila mgeni mlemavu aliyewahi kufika alipanda na kushuka salama. Kwamba alipanda mabegani mwa watu wanne haingii katika hesabu. Kwa mwanamke mtu mzima aliyelelewa katika heshima na sitara, kushikwashikwa na wanaume wasio maharimu zake mbele ya kadamnasi ni jambo zito kuliko ngazi zenyewe. Na hata tukiliweka kando suala la heshima, upande wa tiba nao una neno lake: bega la mtu aliyepooza limelegea, misuli yake hailishiki vyema, na kumvuta kwa kwapa kunaweza kulitegua au kumwachia maumivu ya miezi mingi.

Kwa hiyo tuliweka sharti moja. Mahali patakapochaguliwa pawe ni pale ambapo bibi atatoka mlangoni kwake, atafika, atazunguka, atakwenda haja, na atarudi bila kunyanyuliwa. Sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu halimwulizi mtu kama bustani ni nzuri au ufuo ni tambarare, bali linadai mnyororo mzima usiwe na pete iliyokatika.

Kabla ya kupima mahali popote tulimpima bibi mwenyewe pamoja na kiti chake, jambo ambalo familia iliona ni kinyume, kwani walidhani nitatoa orodha ya sehemu nizijuazo. Kwa mkongojo, kwenye sakafu isiyoteleza, anaweza kwenda hatua kumi na tano hadi ishirini kabla ya kuhitaji kukaa. Kidaraja kimoja cha chini anaweza kukipanda endapo kuna chuma cha kushika upande wa kulia, ambao ndio upande wake wenye nguvu. Hapa kuna jambo ambalo wajenzi wengi hawalijui: chuma kilichowekwa upande mmoja tu wa ngazi kinamfaa mtu wa namna hii akienda na kumtupa akirudi, kwa kuwa akigeuka chuma kile kinakuwa kushotoni, upande usioshika. Anaweza kukaa kitini kama saa moja na nusu kabla mgongo haujaanza kumsumbua, na kama ilivyo kwa wengi waliopatwa na kiharusi, akihisi haja hawezi kungoja. Kiti chake ni cha kawaida cha kukunja, upana wake sentimita 64, chenye magurudumu makubwa nyuma na madogo ya mpira mgumu mbele. Mjukuu ana nguvu za kusukuma. Binti ana maumivu ya kiuno na hawezi kukikabili kilima.

Vipimo vya njia vinajulikana na wajenzi wa nchi nyingi, na si vigumu kuvikumbuka. Rampu haipaswi kuwa kali kuliko uwiano wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita 12 za kwenda mbele, hivyo kizingiti cha sentimita 15 kinadai rampu ya mita 1.8. Huo ni ukali wa masafa mafupi. Kwa njia ya matembezi, ambapo anayesukuma ataendelea kusukuma, afadhali isizidi 1 kwa 20. Binti alipakua kwenye simu yake programu ya pima maji, ile inayoonyesha nyuzi, nikamweleza kwamba 1 kwa 12 ni karibu nyuzi 5 na 1 kwa 20 ni karibu nyuzi 3. Tangu hapo akawa anaiweka simu chini kila anapokwenda, hata kwenye veranda ya jirani. Kipimo kinachosahaulika zaidi ni mlalo wa njia kwenda upande, ule unaowekwa ili maji ya mvua yatiririke: ukizidi 1 kwa 50, ambao ni takriban nyuzi moja, kiti huanza kujivuta kuelekea bondeni, na anayesukuma hutumia nguvu zaidi kukizuia kisipinde kuliko kukipeleka mbele. Kugeuza kiti kunataka nafasi ya duara la mita 1.5, na mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi.

Kuna nchi zilizokwisha kulifanya jambo hili kuwa utaratibu. Katika mbuga ya taifa ya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, njia zisizo na vikwazo vya kurukwa zimepangwa katika madaraja matatu: zinazowafaa wote, zinazowafaa wengi, na zinazowafaa baadhi. Njia ya daraja la kwanza huwa na upana usiopungua mita moja, mwinuko usiozidi 1 kwa 10, na uso wa lami au kokoto ndogo zilizoshindiliwa. Kinachonivutia si uzuri wa njia hizo, maana milima ya huko na mvua yake ni habari nyingine, bali ni ule uamuzi wa kuieleza njia kwa vipimo na kumwachia msafiri aamue mwenyewe kama inamfaa. Huku kwetu tunaambiwa kuwa mahali ni pazuri na kwamba tutasaidiwa.

Basi binti alibadilisha maswali yake ya simu. Aliacha kuuliza kama wanapokea watu wa viti vya magurudumu, akawa anauliza: kutoka pale gari linaposimama hadi pale pa kukaa kuna ngazi ngapi, na kila moja ina kimo gani? Njia ni ya kabro, ya saruji, ya changarawe au ya mchanga? Mlango wa choo una upana gani, na choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Kuna mtu anayeweza kunitumia picha ya njia sasa hivi? Wapo waliokasirika. Wapo pia waliochukua futi wakaenda kupima, na mmoja alirudi simuni akasema kwa mshangao kwamba hakuwahi kugundua kuwa mlango wao wa choo hauwezi kupitisha kiti.

Mahali pa kwanza palipokubaliana na sharti letu, ukiacha suala la choo nitakalolirudia mwishoni, palikuwa karibu kuliko tulivyofikiri. Mama Ngina Drive, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ni mahali ambapo watu wa mji huu wamekuwa wakienda kupunga upepo tangu zamani, chini ya mibuyu mikubwa, wakitazama meli zinazoingia bandari ya Kilindini. Mwaka 2019 sehemu hiyo ilikarabatiwa na Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba ya mwaka huo ikaadhimishwa hapo. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu faida ya pale ni kwamba bahari inaonekana kutoka juu ya mwamba wa matumbawe, kwenye njia ngumu iliyosakafiwa, bila kulazimika kushuka ufuoni. Meli hupita karibu sana na ukingo kwa sababu mkondo wa kuingilia bandarini ni mwembamba, na bibi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akizisikia honi tu akiwa nyumbani, aliweza kusoma majina yao.

Hata hivyo mahali pazuri pana saa yake. Jumapili jioni umati ni mkubwa kiasi kwamba anayesukuma kiti haoni ardhi iliyo mbele yake, na aliye kitini haoni chochote ila migongo ya watu. Tuliwashauri waende siku za kazi, baada ya alasiri, jua likiwa limepungua makali na wauza mihogo ya kukaanga wakiwa ndio kwanza wanatia mafuta moto. Jambo jingine ni kimo cha macho. Mtu aliyeketi kitini macho yake yako kiasi cha mita 1.1 hadi 1.2 kutoka ardhini, hivyo ukuta ambao kwa aliyesimama ni wa kuegemea viwiko, kwa aliyeketi unaweza kuwa ndio mandhari yote. Mjukuu alipewa kazi ya kukaa kwenye kiti kitupu, kusogezwa kando ya ukingo, na kuweka alama pale ambapo bahari inaonekana bila kuinua shingo. Alirudi akicheka kwamba watu walimpa pole.

Safari yenyewe ya kufika ilihitaji mazungumzo marefu kuliko nilivyotarajia. Tuktuk ndiyo usafiri wa familia hii, na ina sifa ya sakafu ya chini; lakini ili kuingia lazima mtu ainame na kujipinda kwa wakati mmoja, mwendo ambao kwa aliyepooza upande mmoja ndio mgumu kupita yote. Teksi ndogo ilikuwa bora: kiti cha mbele kinasukumwa nyuma hadi mwisho, kiti cha magurudumu kinaegeshwa kando yake ili kiti cha gari kiwe upande wa kulia wa bibi kila inapowezekana, breki zinafungwa, naye anasimama kwa mkongojo, anageuka, anakaa kwanza kisha miguu inaingizwa. Tulilifanyia mazoezi zoezi hilo nyumbani kwa kitanda na kiti cha kulia chakula. Gharama ya teksi ni kubwa kuliko ya tuktuk, na hilo familia ililipa kwa kupunguza idadi ya safari.

Kwa upande wa miti na kivuli, uamuzi ulikuwa mwepesi. Haller Park iliyoko Bamburi, kando ya barabara iendayo Malindi, ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji kabla ya Rene Haller kuanza kupanda miti humo mwaka 1971. Kati ya aina 26 za miti alizozijaribu ni tatu tu zilizoishi, na mvinje ndio uliotamalaki. Sindano zake zilikuwa zikirundikana bila kuoza hadi yalipoletwa majongoo yaliyozila na kuzigeuza udongo. Simulizi hiyo huelezwa kama habari ya mazingira, nami naipenda, lakini kwa msukuma kiti jambo la maana zaidi ni kwamba shimo la machimbo huchimbwa hadi kwenye sakafu moja. Mashine zilizokwangua mawe ziliacha uwanda, na njia zilizotengenezwa juu yake hazina vilima vya asili vya kupambana navyo. Msitu wa kweli wa pwani una mizizi, mashimo na mawe makali ya matumbawe. Huu uliopandwa kwa mkono juu ya sakafu ya kiwanda ndio uliomfaa bibi, na alikaa chini ya mivinje akisikiliza upepo hadi mjukuu alipokuja kumkumbusha kwamba saa moja na nusu imekwisha.

Tulizizingatia pia njia za mbao zinazopita juu ya mikoko, kwa sababu wazo lake linavutia: njia iliyonyooka, isiyo na mchanga, inayokuingiza ndani ya msitu wa bahari. Kuna ile ya kikundi cha akina mama wa Gazi katika Kaunti ya Kwale, ile ya Mida karibu na Watamu, na upande wa Zanzibar ile ya Jozani, katika hifadhi maarufu kwa kima punju. Lakini njia za mbao hazifanani. Inayoning'inia kwa kamba, kama ya Mida, huyumba kwa kila hatua, na mtu ambaye upande mmoja wa mwili wake hausaidii mwenzake hana budi kuiepuka. Iliyosimama juu ya nguzo ni salama zaidi, ila tu ikiwa nafasi kati ya ubao na ubao haizidi upana wa gurudumu dogo la mbele, ikiwa mbao zimepigiliwa kukata njia na si kufuata njia, na ikiwa kuna ukingo wa chini wa kuzuia gurudumu lisitoke. Mbao zilizofuata urefu wa njia ni mtego, kwani gurudumu likiingia kwenye ufa halitoki bila kunyanyuliwa, na kunyanyuliwa ndiko tulikokukataa. Tuliziweka kando hizi kwa wakati huo.

Ilibaki bahari yenyewe. Bibi aliifurahia Mama Ngina lakini alisema waziwazi kwamba kuitazama bahari kutoka juu si kufika baharini. Alitaka maji yamguse miguu. Hapa ndipo nilipotarajia kushindwa, kwa sababu kiti cha kawaida na mchanga mkavu ni maadui. Magurudumu madogo ya mbele hujichimbia, na kadiri unavyosukuma ndivyo yanavyozama. Viti maalumu vyenye matairi mapana vipo duniani, ila bei yake si ya familia hii.

Suluhisho lilianza na bibi mwenyewe. Binti alikuwa akitafuta kwenye simu saa za maji kujaa na kupwa, bibi akamkatiza kwa kuuliza leo ni mwezi ngapi. Akiwa binti wa mvuvi, alihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, kisha akasema: "Siku za bamvua maji hutoka saa nne, jua lishakuwa kali, mtaniua. Twendeni mwezi kumi na mbili, maji yatoka mapema." Kwa wasomaji wa bara nieleze kidogo: mwezi kumi na mbili aliosema bibi ni tarehe 12 ya mwezi mwandamo, na bamvua ni siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Katika pwani ya Kenya maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa hufika karibu mita 4. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayopita saa hiyo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 hivi, ingawa katika siku za kukaribia bamvua husogea kwa kasi ndogo kuliko hapo. Ukirudi nyuma siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, yaani tarehe 11 au 12 ya mwezi mwandamo, maji yatakuwa yamekupwa karibu saa mbili asubuhi, wakati ambapo jua halijamwelemea mtu mwenye shinikizo la damu. Mzunguko huo hurudi tena tarehe 26 au 27. Tulilinganisha hesabu yake na jedwali la maji la bandari ya Kilindini, nalo likaafikiana naye.

Saa hiyo inafaa kwa sababu nyingine. Mchanga ulioachwa na maji hivi karibuni huwa na unyevu unaozishikanisha chembe zake, ukawa mgumu kiasi cha kupitisha hata baiskeli, na ukanda huo mgumu huwa mpana kabisa maji yakiwa yametoka. Ule ulio juu ya alama ya maji makuu ni mkavu na hauna mshiko. Ule ulio ukingoni kabisa mwa maji umelowa mno na hutitia. Kwa hiyo tatizo zima la ufuo, ukilichunguza, linapungua na kuwa tatizo la ukanda mmoja wa mchanga mkavu kati ya mwisho wa barabara na mwanzo wa mchanga mgumu. Kwenye ufuo wa umma tuliouchagua, upande wa kaskazini mwa mji, ukanda huo ni mfupi na mteremko wake ni mpole. Fuo nyingine ukanda huo ni mrefu mara kadhaa, na zile zenye ukuta na ngazi hatukuzitazama mara ya pili.

Fundi seremala wa mtaani alikata karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ikawa vipande viwili vya futi 4 kwa 4, akatoboa tundu pembeni na kupitisha kamba ya kuvutia. Kiti husimama chote juu ya kipande kimoja. Kipande cha pili hulazwa mbele, kiti kikasogea, na kile cha kwanza kikavutwa na kupelekwa mbele tena. Bibi huenda akiwa ametazama barabara na mgongo kuelekea bahari, kwa maana kiti huvutwa kinyumenyume ili magurudumu makubwa yatangulie na madogo yafuate bila mzigo mkubwa. Hata pale ubao unapoteleza na gurudumu likagusa mchanga, kwa namna hiyo halizami. Kumvuta kinyumenyume kunahitaji adabu ya kumwambia kila hatua kinachotokea, kwa sababu haoni aendako. Vijana wa ufuoni walikuja mbio kama kawaida yao wakitaka kubeba. Mjukuu akawapa mbao. Walizihamisha kwa bidii ile ile ambayo wangetumia kumnyanyua bibi, na hakuna aliyemgusa.

Kwenye mchanga mgumu kiti kiligeuzwa, mkongojo ukawekwa tayari, na akasukumwa hadi palipokuwa na maji ya kifundo cha mguu. Viatu vilivuliwa. Nilikuwa nimemwonya binti kwamba mguu wa kushoto haupati hisia kamili, hivyo kipande cha chupa au mwiba wa shokole (mnyama wa baharini mwenye miiba, mtu wa pwani anamjua) unaweza kumchoma asijue. Mjukuu alitangulia kukagua chini kwa mikono. Baada ya kurudi nyumbani kiti kilioshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikakaushwa, na gololi za magurudumu zikatiwa grisi, la sivyo kutu ingevila vyuma katika miezi michache.

Sheria haikutusaidia moja kwa moja katika kisa hiki, lakini si vibaya mwenye kusukuma kiti ajue ilipo. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiwango kinachofaa, pamoja na kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja katika ibara yake ya 30 burudani na mapumziko kuwa haki. Mara nyingi wenye mamlaka husikia maneno haya wakafikiria ofisi, shule na hospitali, kana kwamba mlemavu hutoka nyumbani kwa shida tu. Neno "habari" katika ibara ya Katiba naliona lina uzito hapa: ubao wa mbao langoni ukieleza idadi ya ngazi, upana wa mlango na aina ya njia, kazi ambayo haifiki bei ya mfuko mmoja wa saruji, ungeiepusha familia hii na siku ile ya kwanza.

Lililobaki bila ufumbuzi ni choo. Mama Ngina na Haller Park familia ilijipanga kwa kwenda haja kabla ya kutoka na kutozidisha saa moja na nusu. Ufuoni hilo halitoshi, kwa kuwa kuvuka mchanga peke yake kunakula muda, na vyoo vya umma tulivyovipima vilikuwa na milango ya sentimita 70 au chini yake, au vilikuwa vya kuchuchumaa. Kwa sasa wanategemea kituo kimoja cha mafuta kilicho njiani, ambacho mlango wake una sentimita 82 na ndani yake kiti kinageuka kwa taabu. Msimamizi wake amekubali kuweka chuma cha kushika ukutani, binti akamweleza kiwekwe pande zote mbili.

Gazi bado iko kwenye mpango wao baada ya masika, kwa gari kupitia barabara ya Dongo Kundu ili waepuke msongamano wa feri ya Likoni. Binti ameomba kwanza apigiwe picha ya mbao kutoka juu, pamoja na futi iliyolazwa kwenye ufa kati ya ubao na ubao, na ameuliza maji yanakuwaje chini ya njia hiyo tarehe 12 ya mwezi mwandamo.